Funga Ngitili Kabla Hujaondoka

Mwanangu Minza,

Barua za zamani, zile tulizokuwa tukiandikiana kabla ya simu, zilianza kwa kuuliza hali ya aliye mbali, halafu mwandishi anasema yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Mimi nashindwa kuanza hivyo kwa sababu bado hujawa mbali. Nikiinua kichwa nakuona kule nyumbani unaanika nguo kwenye uzio wa minyaa, na sauti ya mama yako naisikia hadi huku, anakuuliza kama umeweka michembe ya viazi vilivyokaushwa kwenye begi. Hali yako naijua. Hofu ninayo, lakini hiyo tutaizungumza mbele ya safari.

Naandika nikiwa ndani ya ngitili, haya malisho yetu ya akiba, nimekalia kisiki. Ndama wanamalizia mabaki ya nyasi za mwaka jana, na tangu mvua ya juzi nyasi mpya zimeanza kuchungulia. Nimeaga kwamba nakwenda kuchunga. Mama yako akaiona kalamu mfukoni mwangu, akacheka, hakuuliza. Daftari ni lako la chuo, lile lenye michoro ya waya. Natumia kurasa za nyuma ulizoziacha nyeupe. Ukikuta tope kwenye karatasi ujue ni yule ndama mwekundu, hana adabu kabisa.

Mambo ya kila siku nayaacha. Chandarua, chakula, bodaboda wa kupanda na wa kuacha, hayo mama yako ameyasema wiki nzima hata mimi ninayebaki nimeyakariri. Kazi unayoiendea Geita nayo siijui, kwa hiyo sitajifanya kukufundisha. Fundi umeme wa mitambo ni wewe. Mimi kwenye umeme najua kubonyeza swichi. Siku ile ulipoifungua redio yangu, ukaifunga huku skrubu nyingine zimekubakia mkononi, na bado ikaongea, niliacha kubishana nawe juu ya mambo hayo.

Nataka tuzungumze juu ya Jumapili.

Jumapili Dotto alikuja na wale wenzake kwa pikapu. Wewe ulimjua siku hiyo, mimi namjua tangu tulipokuwa tunalala kwenye turubai moja kule Geita. Wakatembea humu ngitili na nyundo zao, wakapasua mawe pale kwenye kichuguu, wakayatemea mate na kuyageuzageuza juani. Halafu Dotto akaja kukaa nami, akasema, "Ndugu yangu Masanja, mkanda wa dhahabu unapita humu. Nakwambia unapita. Tuchimbe maduara machache tu ya kujaribia, mwenye ardhi ana mgao wake. Wewe umezeeka unachunga ndama juu ya mali!"

Mimi nikawa natafuta la kumjibu. Wewe ukaja na chai, ukaweka birika chini, ukasema, "Baba, wakubalie. Ni nyasi tu."

Nilinyamaza. Dotto alipoondoka nikanyamaza tena, na jioni sikula. Mama yako akasema umeniudhi, nawe ukaja kuniomba radhi, ukapiga goti kabisa. Nikasema hakuna neno. Sikukasirika, mayu. Nakuita mayu kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na leo ndiyo nataka ulijue vizuri hilo jina. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale, "ni nyasi tu," niliwahi kuyasema mimi, hapahapa, mbele ya bibi yako, na nilikuwa na umri mkubwa kuliko wako na akili ndogo kuliko yako.

Ulikuwa ungali mgongoni mwa mama yako nilipokwenda Geita. Habari zilikuja kwamba kuna rashi, dhahabu imetoka, watu wanakimbilia, na mimi nikakimbia. Nilimwacha mama yako, nikakuacha wewe, nikamwacha kaka yako Luhende ambaye alikuwa ameanza shule. Sisemi Geita ni mahali pabaya. Watu wa huku tuna tabia ya kuisema Geita vibaya tukikaa, halafu watoto wetu wakituma fedha kutoka hukohuko tunazipokea kwa mikono miwili. Geita ina kazi. Mtu anaamka anajua kuna mahali pa kwenda, na hata asiyechimba anauza maji, anakaanga chipsi, anashona viatu, maisha yanakwenda. Nilipofika nilishangaa watu kula nyama mchana wa siku isiyo na sherehe.

Lakini niliona pia kwamba kule kila kitu kinanunuliwa, hata yale ambayo kwetu mtu huwa hayafikirii. Maji ya kunawa uso unanunua kwenye dumu. Mahali pa kulala unanunua, kuni unanunua, na ukiugua mtu wa kukukalia karibu naye unampa kitu. Anayepata leo ana pikipiki mpya, kesho kutwa anaiuza apate nauli. Mimi na Dotto tulishuka kwenye duara kwa kamba, tunapasua mwamba kwa mikono, tunapandisha viroba vya mawe kwenda kwenye karasha kusagwa, na muda mrefu hatukupata chochote cha maana. Miezi ile sikutuma salamu nyumbani. Nilikuwa naona aibu. Nilijiambia nitaandika nikipata. Mama yako alikuwa huku anaambiwa na watu kwamba nimeoa, wengine wanasema nimefukiwa. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza zaidi ni kutojua avae vipi, kama mke wa mtu aliye safarini au kama mjane.

Hilo ndilo la kwanza ninalokuomba ulikumbuke kutoka kwangu. Ukikosa, sema. Ukifukuzwa kazi, sema. Ukiwa huna hata nauli, piga simu, na kama simu umeuza, azima ya mtu. Njoo mikono mitupu. Hapa hakuna atakayeangalia mikono yako, na akiwepo, mama yako atamshughulikia.

Baadaye tulipata. Mwamba ulikubali na tukagawana. Dotto alibaki kule, mimi nikageuza kurudi kwetu na akili moja tu kichwani: ng'ombe. Unawajua watu wetu. Mimi nimekulia katika hesabu hiyo kwamba mwanaume ni zizi lake, na kwamba mwenye ng'ombe wengi anaitwa nsabi, tajiri, hata kama analala kwenye ngozi na mvua inamnyeshea kitandani. Nilinunua ng'ombe mnadani, nikanunua na njiani, nikawaswaga kupita katikati ya kijiji wakati wa jioni, watu wametoka majumbani. Vumbi lilikuwa jingi. Wazee walisimama. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Yule ni Masanja? Kumbe alikuwa anafanya kazi!" Sijawahi kusikia sifa tamu kama ile, mpaka leo.

Mama yako alisubiri nikae, ninywe maji, akaomba bati. Nyumba ile unayoikumbuka kidogo ilikuwa ya nyasi, na mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetoboa upande wote mliokuwa mnalala. Hakuomba kitu kingine. Nikamwambia bati halizai. Nilicheka nilipoyasema hayo, nikamwona na yeye anatabasamu, nikadhani tumeelewana. Tukaendelea kuhamisha vitanda kila wingu lilipotanda, na nje zizi limejaa.

Sasa sikiliza habari ya ngitili. Babu yako alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo aliyefunga ngitili ni bibi yako. Unajua jinsi tunavyofanya: mvua za kwanza zikianza, ng'ombe wote wanatolewa, unakatwa mgunga, matawi yenye miiba yanaburutwa na kuziba mlango, na humu ndani nyasi zinaachwa zikue mvua yote, zikauke zikiwa zimesimama, zingoje kiangazi. Majirani wanajua, hata mbuzi akiingia anatolewa. Na kwa mila ya nyumba yetu sisi, aliyeburuta miiba ndiye anayeiondoa. Mwingine hagusi bila kutumwa naye. Hata babu yako alipokuwa hai, mwaka aliofunga mdogo wake, alikwenda kumwomba yeye aje afungue. Bibi yako alikuwa akifungua pale tu maji ya lambo yanapokuwa tope na nyasi za mbugani zimekwisha kabisa, na hata hapo aliingiza kwanza maksai wa kulimia, ng'ombe wenye ndama na wagonjwa. Wengine wanangoja nje wanalia.

Mimi nilikuwa na kundi kubwa kuliko nyasi. Mvua ilipokatika tu, mbuga ikaanza kuwa nyeupe, nikaona ng'ombe wangu wanapungua mwili na watu waliokuwa wananisifu wanaanza kuninong'oneza. Bibi yako alikwenda msibani kwa dada yake, akakaa huko. Asubuhi moja nikaja hapa na jembe, nikaivuta ile miiba pembeni, nikaingiza kundi zima. Nyasi zilikuwa zinafika tumboni mwa ng'ombe. Nilisimama palepale mlangoni nikifurahi.

Aliporudi hakwenda nyumbani kwanza. Alishukia huku, na mzigo wake kichwani. Akaangalia miiba, akaangalia ng'ombe. Hakupiga kelele, unamkumbuka, sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. Akaniuliza, "Masanja, ulimwomba nani?"

Nikamjibu, "Mama, ni nyasi tu."

Akautua mzigo, akaupandisha tena, akaenda nyumbani.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Sitakueleza chote. Nyasi za ngitili ziliisha wakati ambapo miaka mingine zilikuwa hazijaguswa, na kundi likakata hadi mizizi, na mimi nikakata miti ili wale majani ya juu, na watu wa mkaa wakaja nikawauzia magogo, vikabaki visiki. Ikafika tunaamka asubuhi kuwainua ng'ombe kwa kuwashika mkia na pembe, mimi huku, mama yako kule, wewe umekaa chini unalia. Aliyeinuka alitembea kidogo. Asiyeinuka tulimchuna. Ningeweza kuuza wakati bado wana mwili. Mama yako alisema tuuze, bibi yako alisema, hata wanunuzi wenyewe walikuja mpaka mlangoni. Nikakataa, kwa sababu ningeuza watu wangeona zizi limepungua. Basi likapungua kwa njia nyingine na wakaona vilevile.

Maksai walikwenda wote. Mvua iliporudi, jirani zetu walikuwa wanalima kwa plau, na mama yako analima kwa jembe la mkono na wewe mgongoni. Nilikuwa nikimwona ameinama kule shambani, nami nimekaa na wale wachache waliobaki, nawatafutia majani.

Halafu nikafanya lile ambalo hata kuliandika mkono hautaki. Ndugu zetu walikuwa wanahamisha mifugo kwenda kusini, Rukwa, kutafuta malisho. Wakasema wanapokea ng'ombe wa watu lakini kila zizi litoe mchungaji wake. Nikamtoa Luhende. Alikuwa bado shule ya msingi, mwalimu wa hesabu akimsifia, na mimi nikamkatia katambuga mpya za tairi, nikampa fimbo, nikamwambia ni msimu mmoja tu. Mama yako alimfunga michembe kwenye kitambaa. Yeye hakulia. Aliuliza kama madaftari yake yatakaa juu ya kabati ili wewe usiyachane.

Msimu ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Ng'ombe wale, wengine walikufa kwa ugonjwa, wengine walipotelea katika mambo ya huko, sikupata faida yoyote kwao. Na Luhende alikua hukohuko, akaoa hukohuko, ana watoto ambao wakinisalimia kwenye simu wanaambiwa na mama yao waseme nini. Akija hapa anakaa kama mgeni. Unakumbuka mwaka juzi alipokuja, akatoka nje akauliza kata ya maji iko wapi? Wewe ulimwonyesha ukaendelea na kazi zako. Mama yako aliingia ndani akakaa kitandani muda mrefu. Kata iko palepale ilipokuwa siku aliyoondoka, haijahamishwa hata siku moja.

Wewe ungali mtoto uliona tu kwamba ngitili inarudi, hukujua kwa nini mimi na bibi yako tuliihangaikia vile. Visiki vilichipua. Hilo lilinishangaza, kwa sababu nilidhani nimeua kila kitu. Tukafunga mwaka ule na miaka iliyofuata, hata kwa nyasi zilizokuwa fupi kama za uwanja wa mpira, na ukawa mlinzi wetu, unafukuza mbuzi wa watu kwa mawe na matusi uliyoyatoa sijui wapi. Siku moja nyasi zikafika magotini. Bibi yako alikuwa hawezi tena kutembea, nikampakia kwenye baiskeli, nikamsukuma hadi hapa mlangoni aone. Nilitaka aniambie nimefanya vizuri, kusema kweli. Akasema, "Nyasi zimerudi. Luhende naye?"

Hatukuzungumza tena habari hiyo hadi alipofariki.

Sasa tuje kwenye maneno yako. Nimeyafikiria wiki nzima, na nimeona hesabu yako haina kosa. Mshahara wako wa miezi michache utazidi thamani ya nyasi hizi zote. Redioni wanasema mikoa yetu hii ina dhahabu, almasi, pamba, ng'ombe na mpunga, na bado watu wake ni maskini, na kila mtu anatoa dawa yake. Mimi sina dawa. Ninachokiona nikikaa hapa ni kwamba mali nyingi ya kwetu inapita. Malori yanapita kwenda Isaka na kutoka Isaka, kontena juu yake, sisi tunasogea pembeni vumbi litulie. Pamba tunalima, bei inatoka huko, pamba inakwenda. Ng'ombe wanapakiwa mnadani wanakwenda. Dhahabu ndiyo kabisa, mimi niliyeichimba sijawahi kumwona mtu wa kijiji hiki ameivaa.

Na bado siwezi kusema maisha ni yaleyale. Mama yako sasa analala chini ya bati, nilimwezekea mwishowe, kwa choroko na mpunga, bila kuuza ng'ombe hata mmoja. Umeme umefika, kisima cha pampu kipo, hakuna msichana wa umri wako anayeamka alfajiri kwenda kuchimba maji mtoni kama mama yako. Wewe umesoma ufundi. Nikiulizwa maisha mazuri ni yapi, zamani ningeonyesha zizi. Siku hizi nafikiri juu ya ile nyumba mvua inapopiga usiku na hakuna anayeinuka kuhamisha kitanda. Ni kitu kidogo. Kilikuwa ndani ya uwezo wangu miaka mingi kabla sijakifanya, nami nikawa natafuta kingine cha kuonwa na wapita njia.

Kwa hiyo ukiwa Geita, utakapopata, na utapata, utaona watu wengi wanaowaswaga ng'ombe wao katikati ya mji. Watakuwa na magari, nguo, simu, sherehe. Sikukatazi kufurahi. Nunua kiatu kizuri, kula nyama siku isiyo na sherehe, mimi mwenyewe nilifurahi. Ila jiulize mara mojamoja ni nani unamfanyia, na kama kuna mtu nyumbani aliyeomba bati.

Hapa sasa nafika kwenye hofu yangu. Dotto atarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu. Mwanangu, mimi najijua. Jumapili nilikuwa natafuta la kumjibu, na jibu lililokuwa likija mdomoni ni ndiyo. Nilipoona yale mawe yanang'aa juani, moyo ulinienda mbio kama wa kijana. Na hata bila Dotto, kila mwaka ninaofunga ngitili mwenyewe, nafungua mapema. Wiki mbili, tatu. Najiambia ni kwa ajili ya ndama tu. Mama yako ananiona, hasemi. Aliyefunga ni mimi, kwa hiyo mila inaniruhusu, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Juzi nilimpigia Luhende. Nilimwambia ardhi kwa desturi yetu ni ya mtoto wa kiume, na yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo nataka ruhusa yake. Nikamweleza ninachotaka kufanya. Akasema, "Baba, mpe Minza. Mimi nyasi za huko sizijui tena." Halafu akasema, "Mwambie asifungue mapema." Basi. Akageuza maneno, akauliza kama mvua imenyesha.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa majirani tunaopakana nao, pande zote. Wengine walicheka, wakasema ngitili anapewaje binti anayeondoka kesho. Nikawaambia ndivyo nilivyoamua. Mmoja akauliza kama nimeumwa. Nikamwambia nilikuwa naumwa zamani.

Kesho kabla ya basi la Kahama, nataka uje hapa ufunge wewe. Ndama nitakuwa nimeshawatoa. Utaburuta miiba kwa mkono wako, mimi nitasimama pembeni, sitagusa. Kuanzia hapo, kwa mila ya nyumba hii, hakuna atakayeingiza mnyama wala nyundo humu bila kinywa chako. Kiangazi kikija, nitakupigia simu nikuombe. Nitalalamika, nakujua utacheka, nitakwambia ndama wanakufa wakati bado wananenepa. Usinisikilize haraka. Muulize mama yako kwanza lambo limefikia wapi. Ukipata likizo, njoo ufungue mwenyewe.

Na Dotto akija, nitamwambia mwenye ngitili ni Minza, yuko Geita, ni fundi, akamtafute. Atakutafuta. Utakaa naye utamsikiliza, atakuonyesha hesabu, na wewe hesabu unaziweza. Ukiona sawasawa kwamba wachimbe, nipigie uniambie, nami nitakuja hapa niiondoe miiba mwenyewe, sitakuuliza mara mbili na sitakulaumu mbele ya mtu yeyote. Nasema hivyo na moyo unaniuma, lakini nasema. Mimi niliulizwa "ulimwomba nani?" na sikuwa nimemwomba mtu. Sitaki nikupe kitu halafu nibaki nacho mkononi.

Huenda ukaona nakufunga kamba mguuni ili urudi. Ni kweli kidogo, siwezi kukuficha. Kaka yako nilimtoa mimi, nikamwambia msimu mmoja. Wewe unakwenda kwa miguu yako, kwa kazi uliyoisomea, na sitakuambia ni msimu mmoja wala miaka mingapi. Ninachotaka ni kuwe na kitu hapa kisichoweza kufunguka bila wewe.

Mama yako ananiita sasa, wageni wa kukuaga wanaanza kufika na kuku bado hajachinjwa. Miiba nimekwishaikata, iko upande wa kushoto wa mlango, ni mizito ukianza na ile ya chini, anza na ya juu. Mimi siku zote nilifunga nikiwa na katambuga, na ilinichoma kila mwaka. Wewe vaa vile viatu vyako vipya vya kazini.

Baba yako,
Masanja